Lipunguzie jengo kazi kwanza, mtambo mpya baadaye

Swali: Mimi ni meneja wa jengo la ofisi la ghorofa sita. Tunafungua saa mbili asubuhi na kufunga saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Ankara ya umeme imekuwa mzigo na wenye jengo wamenipa kazi ya kuipunguza. Mkandarasi mmoja anashauri tung'oe mtambo wetu wa maji baridi ya kupozea jengo, ambao una miaka 18, tununue mkubwa zaidi kwa sababu ghorofa za juu hazipoi. Mwingine anataka tufunge paneli za jua. Wa tatu ameleta kisanduku cha kuchomeka ukutani anachosema kinapunguza umeme kwa theluthi. Wakati huohuo wafanyakazi wa upande mmoja wanavaa makoti ndani na wa upande mwingine wanatoka jasho. Nianzie wapi?

Jibu: Ndugu meneja, watu watatu wamekujia na kila mmoja ana kitu cha kuuza, lakini kwenye barua yako sioni aliyeuliza umeme wenu unatumika saa ngapi na unakwenda wapi. Bila kujua hayo huwezi kusema kama mtambo mpya ni dawa au ni gharama tu. Nitakujibu kwa mpangilio ninaoufuata ninapoitwa kwenye jengo: kwanza tujue linatumia nini likiwa tupu, kisha tuipunguzie mitambo kazi, na ununuzi uje mwisho. Ukianza na ununuzi utapata mtambo mkubwa na mpya wa kuhudumia upotevu uleule wa zamani.

Wiki ina saa 168. Kwa ratiba uliyonipa, ofisi zenu zina watu kwa saa 50. Saa 118 zinazobaki, asilimia 70 ya wiki nzima, jengo lina walinzi na labda wasafishaji. Sasa chukulia mita inaonyesha kilowati 100 mchana wa kazi, na kilowati 40 usiku na siku za mapumziko. Mtu akiona 40 mbele ya 100 anaridhika kwamba vitu vingi vimezimwa. Lakini ukipiga hesabu, saa za kazi zinakula uniti 5,000 kwa wiki na saa za jengo tupu zinakula uniti 4,720. Karibu nusu ya ankara inalipia vyumba visivyo na mtu. Sisemi jengo lako liko hivyo, ila sitashangaa likiwa hivyo, na kulijua hakukugharimu chochote.

Mita za wateja wakubwa kwa kawaida huandika matumizi kila baada ya dakika 15 au 30. Iombe kampuni ya umeme ikupe takwimu hizo za mwezi mmoja, uzichore kwenye grafu, siku moja juu ya nyingine. Kama mita yenu haina uwezo huo, mpe mlinzi daftari asome mita mara mbili kwa siku, jioni mnapofunga na asubuhi kabla hamjafungua, kwa wiki mbili, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Angalia mambo mawili: usiku matumizi yanashuka hadi wapi, na asubuhi yanaanza kupanda saa ngapi. Kama yanapanda saa kumi alfajiri na watu wanaingia saa mbili, kuna anayewasha vitu mapema mno, au kuna saa ya mtambo ambayo haijarekebishwa kwa miaka.

Hatua inayofuata haitaki mtaalamu wa mbali. Rudi jengoni saa nne usiku ukiwa na fundi umeme wako, msimame mbele ya bodi kuu, mpime mkondo wa kila njia kwa mita ya kubana waya. Msizime chochote kwa kubahatisha: ving'ora vya moto, pampu za zimamoto, taa za dharura na kompyuta za chumba cha seva haviguswi. Pimeni tu, mwandike, kisha fuateni kila mkondo usiotarajiwa hadi mwisho wake. Mtakuta feni za vyoo zinazovuta hewa usiku kucha, hita za maji zinazopasha maji ambayo hakuna atakayeyatumia hadi kesho, friji za vinywaji zenye taa ukumbini. Pandeni hadi chumba cha mitambo. Mtambo wa kupoza unaweza kuwa umezimwa lakini pampu yake bado inazungusha maji kwenye mabomba. Hilo nimelikuta mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Kuna kitu kidogo ambacho nakuomba ukikague kwa macho yako mwenyewe. Kwenye paneli za feni na pampu huwa kuna swichi yenye nafasi tatu: ya kwanza inawasha mota moja kwa moja, ya kati inazima, ya tatu inaiachia saa au kompyuta ya jengo iamue. Fundi akija kutengeneza, anaigeuza nafasi ya kwanza ili aone mota ikizunguka. Kazi ikiisha anafunga mlango wa paneli na kuondoka. Kuanzia siku hiyo feni ile haipumziki. Hakuna anayelalamika kwa sababu hewa inatoka, na kwenye kompyuta ratiba inaendelea kusema kwamba saa hizi feni imezimwa. Fungua paneli zote, moja baada ya nyingine. Katika jengo la umri wenu sitarajii kwamba zote zitakuwa mahali pake.

Chumba cha seva kinastahili neno lake. Wengi hukiweka kwenye nyuzi 18 au chini, wakiamini kompyuta zinapenda baridi kali. Mwongozo wa ASHRAE, chama cha wahandisi wa mifumo ya joto na ubaridi, unapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Kwa kuwa chumba hicho kinapozwa saa zote 168 za wiki, kila nyuzi unayopandisha inalipa usiku na mchana. Kaa na mtu wa kompyuta, mpandishe nyuzi moja kila baada ya siku kadhaa huku mkiangalia joto la mashine zenyewe.

Sasa nije kwenye makoti na jasho, maana hapo umenieleza zaidi ya ulivyokusudia. Jengo linapokuwa na baridi upande mmoja na joto upande mwingine, shida mara nyingi si nguvu ya mtambo bali ni mgawanyo wa ubaridi. Zunguka uangalie zilipo themostati, yaani vifaa vinavyopima joto la chumba na kuuambia mfumo upoze au upumzike. Iliyofungwa juu ya mashine ya kunakili inasoma joto la mashine, na itaendelea kudai ubaridi hata wafanyakazi wakiganda. Iliyo kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana inafanya vivyo hivyo. Iliyo chini ya tundu la hewa baridi inadhani kazi imekwisha, na watu walio mita tano mbele wanaungua. Mengine ya kukagua ni filta zilizojaa vumbi, vali za maji zilizoganda zikiwa wazi, na kuta zilizojengwa baada ya mfumo kufungwa, kiasi kwamba chumba kimoja kimepata matundu matatu ya hewa na jirani yake hana hata moja. Kama mna vifaa vinavyoweza kupoza na kupasha joto, hakikisha viwili vya sehemu moja havishindani. Hilo hutokea, na yote mawili mnayalipia.

Kuhusu ghorofa za juu zisizopoa, kuna kipimo kimoja ningependa ukifanye kabla hujamsikiliza tena yule mkandarasi. Siku ya joto, saa nane mchana, soma halijoto ya maji yanayotoka kwenye mtambo na ya yale yanayorudi. Mifumo mingi ya aina hii husanifiwa maji yatoke kwenye nyuzi 7 au karibu na hapo na yarudi kwenye 12. Kama yanatoka 7 na kurudi 9 wakati ghorofa ya sita inaungua, mtambo haujashindwa. Ubaridi uliotengenezwa unarudi bila kutumika. Maji yanapita kwa wingi kwenye ghorofa za chini ambako njia ni rahisi, na za juu zinapata masalia. Dawa yake ni kusawazisha vali, kazi ya fundi mwenye vipimo na subira. Ukifunga mtambo mkubwa zaidi, ghorofa za chini zitapata baridi zaidi na za juu zitabaki zilivyo. Lakini kama maji yanatoka nyuzi 12 na mtambo umefika mwisho wa nguvu zake, hapo kweli umezidiwa, na swali linakuwa: umezidiwa na nini?

Kwa kawaida unazidiwa na jua. Kioo kinapitisha mwanga, mwanga unageuka joto kwenye sakafu na meza, na joto hilo likishaingia hakuna pazia la ndani litakalolirudisha lote nje. Ndiyo maana kivuli cha nje ya dirisha kinafanya kazi kuliko pazia la ndani. Kwa kuta za mashariki na magharibi, ambako jua huja likiwa chini, bamba la kulala juu ya dirisha halisaidii sana. Mapezi ya kusimama, vivuli vinavyoshuka au miti ndivyo vinavyokinga. Pale ambapo huwezi kufunga kitu nje, utando wa kupunguza joto la jua unaobandikwa kwenye kioo ni msaada wa kweli, ingawa unapaswa kuuliza kwanza kama kioo chenu kinauruhusu, kwa sababu vingine hupasuka kwa joto linalobaki ndani yake. Na paa lisilo na kizuia joto ndilo mshukiwa wangu wa kwanza kwa ghorofa ya sita. Rangi nyeupe inayorudisha jua au tabaka la kuzuia joto juu yake vinaweza kumaliza malalamiko ambayo mtambo mkubwa usingeyamaliza.

Taa nazo zinaongeza mzigo huo. Mrija wa flurosenti wa wati 36 wenye balasti ya zamani, yaani kifaa kinachodhibiti mkondo wa mrija, unavuta kama wati 45, na wa LED wa kuchukua nafasi yake unavuta karibu 18. Hesabu haiishii hapo, kwa sababu umeme wote wa taa unaishia kuwa joto chumbani, na joto hilo lazima litolewe. Mtambo wa kawaida unaoondoa uniti tatu za joto kwa kutumia uniti moja ya umeme unakuongezea akiba ya theluthi nyingine wakati wa kupoza. Kabla ya kubadilisha, pima mwanga. Kiwango cha Ulaya cha EN 12464-1 kinataka lux 500 (lux ni kipimo cha mwanga unaofika mahali) mezani kwa kazi ya kuandika na kusoma, na lux 100 kwenye korido. Nimeingia kwenye korido zinazong'aa kuliko meza za wahasibu. Mahali kama hapo hupaswi kubadilisha kila taa kwa taa, unapaswa kuondoa baadhi.

Mfano ninaoupenda wa mpangilio huu ni Empire State Building ya New York, jengo lililofunguliwa mwaka 1931. Ukarabati wake mkubwa wa nishati, uliotangazwa mwaka 2009, ulilenga kupunguza matumizi kwa asilimia 38. Wahandisi hawakuanza na mitambo. Walitoa vioo vya madirisha 6,514, wakavitengeneza upya kwenye karakana waliyoifungua ndani ya jengo lenyewe, wakaviongezea utando na gesi katikati, wakaweka vizuia joto nyuma ya vipashio, wakaboresha taa. Mzigo ukapungua kiasi kwamba mitambo ya kupoza iliyokuwapo ikaundwa upya badala ya kubadilishwa na kuongezwa ukubwa. Fedha ambazo zingekwenda kwenye mitambo mipya zikasaidia kulipia hayo mengine. Huko ndiko ningependa wenye jengo lenu wafike: gharama ya madirisha na paa iwekwe mezani pamoja na gharama ya mtambo mkubwa ambao hautahitajika tena.

Kama kuna kifaa ninachokitetea mapema, ni kidhibiti kasi cha mota za feni na pampu. Nguvu inayohitajika na feni inafuata kipeo cha tatu cha kasi yake. Ukiipunguza kasi hadi asilimia 80, umeme unashuka hadi karibu asilimia 51. Ukifika nusu ya kasi, kwa hesabu ya karatasini unabaki na asilimia 12.5, na hata ukiondoa upotevu wa kidhibiti na mota faida bado ni kubwa. Jengo lenu halihitaji hewa na maji ya siku ya joto kali kuliko zote kila siku ya mwaka, lakini feni zinazozunguka kwa kasi moja zinafanya kazi kama vile linahitaji. Tahadhari moja: pampu inayopandisha maji kwenye tangi la juu ya paa haifuati hesabu hiyo, kwa sababu urefu wa kupandisha haupungui hata ukipunguza kasi. Muuzaji akikutajia akiba ya kipeo cha tatu kwa pampu ya namna hiyo, mwambie arudie hesabu.

Nyuzi za themostati zitakuletea ugomvi, kwa hiyo zungumza na watu kabla hujazigusa. Japani mwaka 2005 Wizara ya Mazingira ilianzisha kampeni iitwayo Cool Biz, ikiomba ofisi ziwekwe nyuzi 28 wakati wa kiangazi na wafanyakazi waache koti na tai. Sikushauri urukie 28. Ninalolichukua pale ni kwamba nyuzi na mavazi vilishughulikiwa pamoja. Nyuzi 24 au 25 zenye feni ya dari inayotembeza hewa zinavumilika vizuri, mradi watu wanaruhusiwa kuvaa nyepesi. Waeleze pia kwamba kuweka kiyoyozi kwenye 16 hakupozi chumba haraka zaidi kwa mashine za kasi moja. Kinachofanyika ni mashine kukataa kupumzika.

Kuna akiba mbili ambazo nakukataza. Usizibe hewa safi ya kutoka nje ili kupunguza mzigo. Hewa ya nje ina takribani sehemu 420 za kaboni dioksaidi katika milioni, na chumba cha mkutano kilichofungwa hupita 1,000 upesi sana, watu wakaanza kusinzia na magonjwa ya njia ya hewa yakapata nafasi. Njia halali ni vihisi vya kaboni dioksaidi vinavyopunguza hewa chumba kikiwa tupu na kuiongeza kikijaa. Ya pili, kama mna tangi la maji moto, usilishushe chini ya nyuzi 60 ili kuokoa. Maji ya uvuguvugu ndiyo makazi ya bakteria wa Legionella, wanaosababisha ugonjwa mkali wa mapafu na waliotambuliwa baada ya mlipuko wa Philadelphia, Marekani, mwaka 1976. Ni bora kuuliza kama sinki za ofisi zinahitaji maji moto kabisa, na kama hazihitaji, uondoe mfumo huo ipasavyo, mabomba yake yakiwemo.

Kisanduku cha ukutani kirudishe. Ndani yake kwa kawaida kuna kapasita ndogo. Kapasita hurekebisha kile mafundi wanachokiita pawa fakta, yaani hupunguza mkondo unaokwenda na kurudi kwenye nyaya bila kufanya kazi. Mita ya uniti haihesabu mkondo huo, hivyo uniti hazitapungua kwa theluthi wala kwa kiasi utakachokiona. Hata hivyo fungua ankara yenu: kama mnatozwa kwa kilele cha kVA, yaani kipimo kinachojumlisha na ule mkondo usiofanya kazi, au mna faini ya pawa fakta ndogo, benki ya kapasita iliyopimwa na mhandisi na kufungwa kwenye bodi kuu ina faida halali, na inarudisha fedha zake upesi. Hicho ni kifaa tofauti kabisa na ulicholetewa.

Mtambo wa miaka 18 huenda ukahitaji kubadilishwa kweli. Soma kibao chake uone unatumia gesi gani ya kupozea. Kama ni R-22, Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni, na marekebisho yake imeiweka kwenye njia ya kuondolewa duniani, na kuitafuta kutazidi kuwa kugumu. Lakini chagua ukubwa baada ya kufanya niliyoyataja, kwa kutumia mzigo uliopimwa. Usikubali ukubwa ulionakiliwa kutoka kibao cha zamani na kuongezwa kidogo kwa usalama. Mwulize mkandarasi ufanisi wa mtambo ukiwa na nusu ya mzigo, kwa kuwa huko ndiko utakakokuwa sehemu kubwa ya mwaka. Mitambo miwili midogo mara nyingi inashinda mmoja mkubwa, na ukiharibika mmoja jengo halilali.

Kabla ya yote hayo hifadhi takwimu za miezi 12 iliyopita: uniti, kilele, idadi ya watu na hali ya hewa. Mwezi wa joto baada ya kazi lazima ulinganishwe na mwezi wa joto kabla ya kazi. Mkandarasi anayetaka kulipwa kutokana na akiba atie saini kwanza namna msingi huo utakavyohesabiwa, na nini kitafanyika mpangaji mpya akileta mashine zake au ghorofa moja ikihamwa. Migogoro mingi ya mikataba ya namna hii huanzia hapo.

Paneli za jua nimeziacha mwisho kwa makusudi. Ni kitu kizuri na jengo la mchana kama lenu linafaa kuwa nazo, kwa kuwa jua na viyoyozi hufikia kilele karibu wakati mmoja. Ila bila betri hazigusi zile saa za usiku, na siku mbili kati ya saba zitazalisha wakati ofisi zimefungwa. Ukizifunga leo, mkandarasi atazipima kwa matumizi ya leo, na baada ya marekebisho utabaki na nyingi kuliko unavyohitaji. Mwombe asubiri, kisha afanye hesabu kwa takwimu mpya za mita, akionyesha kwa maandishi umeme wa Jumamosi na Jumapili utakwenda wapi na nani ataulipia.